Mtaalamu wa Majani na Punda Wanne wa Iguguno

Sixbert alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka la pembejeo la Mama Noorbanu, Singida mjini, anakunywa soda ambayo si yeye aliyeilipia, alipoiona riziki yake inashuka kwenye basi.

Riziki yenyewe ilikuwa wazee wawili kutoka Iguguno, viatu vimejaa vumbi, wamebeba mashina mawili ya mtama yaliyonyauka. Walikuwa wameyafunga kwenye kitenge, taratibu, utadhani wanampeleka mgonjwa hospitali. Wakaingia dukani, wakayalaza juu ya kaunta, wakavua kofia.

"Mama, mgonjwa wetu ndiye huyu," akasema mmoja. "Mvua imekata wiki ya tatu sasa. Tumesikia kuna dawa ya kupulizia majani, mtama ukavumilia jua. Ipo?"

Mama Noorbanu alizaliwa chumba cha nyuma cha duka hilohilo, na alikuwa akiwauzia watu mbegu tangu baba zao wakiwa vijana. Akavaa miwani, akageuza jani moja juu chini.

"Ipo. Inaitwa kidhibiti ukuaji. Lakini nawaambia mapema, msije kunigombeza: si mvua ya chupa. Inausaidia mmea kubana matumizi, usipoteze maji ovyo, mizizi ishuke chini. Unapulizia asubuhi, kwa kipimo, kabla mtama haujashika mimba ya suke. Ukizidisha unaudumaza. Ukichelewa umepulizia kuni."

Wazee wakauliza bei, wakaangaliana, wakasema watakwenda kushauriana na kikundi. Wakafunga wagonjwa wao wakaondoka. Pale kwenye kaunta kilibaki kirundo cha vikaratasi vya maelezo ya ile dawa, vya Kiswahili, ambavyo Mama Noorbanu alivigawa bure na hakuna aliyewahi kuvisoma.

Sixbert akachukua kimoja. Akakisoma mara tatu, soda ikapata moto mkononi.

Sasa kabla sijaendelea, tumtendee haki mtu huyu. Sixbert hakuwa mwizi. Mwizi anachukua bila kuomba, na Sixbert alikuwa anaomba, tena kwa Kiswahili kizuri na koti la suti la kijivu. Alishauza Manyoni kuku wa kisasa ambao siku ya tatu waligeuka wa kienyeji. Alishauza Sepuka miwani ya kusomea kwa wazee wasiojua kusoma, na wazee hao walimshukuru. Kote huko aliondoka salama, kwa sababu alikuwa na kanuni moja tu ya kazi: usikae mahali pamoja zaidi ya siku mbili. Kanuni nzuri kabisa. Laiti angeifuata.

Jioni ile, chumbani kwake Mandewa, alijaza maji kwenye ndoo, akatia bluu ya kufulia mpaka maji yakapata rangi ya anga. Akaongeza sabuni ya unga kidogo ili yatoe povu. Kisha akaponda vitunguu swaumu vitatu akavitumbukiza humo, maana dawa isiyonuka mkulima haiamini. Kesho yake akachapisha lebo: JANI DUME, KIDHIBITI UKUAJI CHA KIZAZI KIPYA. Kijana wa stesheneri hakuwa na picha ya mtama, akaweka ya mahindi. Sixbert akasema haidhuru, wote ni ukoo mmoja.

*

Kikundi cha wakulima cha Iguguno kilikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti wake aliitwa mzee Zefania, mtu mwenye shingo nene na kalamu tatu mfukoni, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Sixbert alisimama mbele yao akamwaga elimu.

Na hapa nataka msikilize vizuri, kwa sababu ndipo alipojichimbia shimo. Mtu huyu, aliyedanganya hata jina lake gesti, siku ile hakudanganya hata neno moja kuhusu mtama. Hakuwa na haja. Kile kikaratasi cha Mama Noorbanu kilikuwa kitamu kuliko uongo wowote aliokuwa nao.

"Ndugu zangu, mmea unakunywa kwa mizizi na unatoka jasho kwa majani," akasema. "Jua likizidi, jasho linazidi kinywaji. Basi kidhibiti ukuaji kinapeleka ujumbe kwenye jani: fungeni vile vimilango vidogo. Kinaiambia mizizi: shukeni. Kinaliambia shina: acha kurefuka kwa sifa, nenepa. Unapulizia asubuhi kabla ya jua kali. Mara ya kwanza mtama ukiwa magotini, mara ya pili kabla haujashika mimba. Huzidishi kipimo. Hupulizii na upepo."

Mstari wa mbele alikaa mama mmoja mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, ana daftari na penseli fupi. Alikuwa anaandika kila neno. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, na mtu akichelewa?"

"Mama yangu, ukichelewa umepulizia kuni."

Ukumbi mzima ukacheka. Yule mama naye akacheka, akaandika na hilo. Kisha akaomba kuiona chupa. Akaifungua, akanusa, akamwaga tone kwenye ncha ya kitambaa chake cheupe, akalifikicha polepole kwa vidole viwili.

"Nzuri," akasema. "Rangi yake nzuri sana."

Mzee Zefania akakohoa. "Mtaalamu, maneno tumeyasikia. Lakini sisi hapa tumeshapigwa. Alikuja wa mbolea, alikuja wa mbegu. Safari hii tunataka shamba la majaribio. Pulizia upande, acha upande. Wiki ya sita tunakuja wote kutazama. Kama kuna tofauti, wanachama mia na ishirini, kila mmoja chupa mbili, siku hiyohiyo."

Wiki sita! Kanuni ya siku mbili ilimjia Sixbert kichwani ikapiga kelele. Lakini chupa mia mbili na arobaini za maji ya bluu zilipiga kelele kubwa zaidi.

"Sawa," akasema. "Nani ana shamba?"

"Langu lipo," akasema yule mama wa daftari.

Aliitwa Rahabu, na alikuwa mjane. Watu wakanong'ona kumhurumia, kwa sababu wote walijua hali yake. Mwaka uliopita hakuvuna hata debe. Aliuza mbuzi wote ili ale. Mwanawe Leonard, aliyekuwa fundi Dar es Salaam, alimpigia kila Jumapili akimwambia ahame, akakae naye ghorofa ya tatu, kwenye nyumba isiyo na hata pa kuanika dagaa. Rahabu alikuwa amemjibu hivi: kama shamba la mwaka huu nalo likifa, nitafunga mizigo. Leonard alishamtumia nauli, kabisa. Mama wa watu alikuwa amebakiza mtama ule tu kati yake na ghorofa, na hakuitaka ghorofa. Alitaka kufa kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mume wake, wala hakuona sababu ya kulifanyia haraka jambo hilo.

Sixbert aliposikia habari hiyo alisikitika, kwa kweli. Alisikitika kama dakika moja. Kisha akaenda kulitazama shamba, akafurahi. Lilikuwa nyuma ya miamba mikubwa, haliwezi kuonekana kutoka barabarani wala kutoka nyumba yoyote. Na nyuma ya mwamba wa mwisho palikuwa na kisima.

Mpango ukajipanga wenyewe. Angepulizia mistari sita maji yake ya bluu, mbele ya watu, kwa mbwembwe zote. Halafu kila Jumapili watu wakiwa kanisani, na kila siku ya mnada kijiji kizima kikiwa mnadani, angeimwagilia mistari hiyo sita kwa siri. Mistari sita si kitu. Mtama unaomwagiliwa utashinda mtama usiomwagiliwa, hata kama dawa yenyewe ni ya kufulia mashuka.

*

Jumapili ya kwanza, nyimbo zilipoanza kusikika kutoka kanisani, Sixbert alifika kisimani. Hapo akamkuta mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, amekaa juu ya jiwe, na punda wanne wamesimama karibu yake na madumu yao ya maji.

"Oya dada, mambo vipi? Hao punda wanakodishwa?"

Hapo, ndugu msomaji, tusimame kidogo tuvue kofia, kwa maana hapo ndipo mtu mzima alipopotea. Iguguno watu hawasalimiani hivyo. Iguguno unasalimia, unauliza habari za nyumbani, unauliza za watoto, unauliza za mifugo, halafu unauliza lile swali ambalo bila hilo hujasalimia: wewe ni wa kwa nani? Ni dakika tano tu. Sixbert alikuwa na haraka, na alikuwa amekaa mjini muda mrefu, akaona dakika tano ni nyingi. Hajawahi kupata hasara kubwa kuliko hiyo kwa kubana muda.

"Wanakodishwa," akajibu yule mwanamke. Jina lake Cecilia. "Kisima nacho kina malipo yake. Na kuchota utachota mwenyewe, kaka, hali yangu unaiona."

"Ila hii ni siri. Asijue mtu."

"Mimi?" Cecilia akashika mdomo. "Sina hata wa kumwambia. Mimi ni wa kisimani na nyumbani tu."

Kile kisima kilikuwa kirefu. Ndoo ilishuka mpaka mtu akasahau kwamba ameishusha, na ilipopanda ilikuwa na uzito wa ng'ombe. Sixbert, ambaye tangu akue hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko simu, alichota, akajaza madumu, akawapeleka punda, akamwaga kopo moja moja kwenye kila shina. Alipomaliza akafukia unyevu kwa vumbi kavu ili usionekane. Kisha akarudi gesti akalala kifudifudi.

Wiki ya pili mtama wa mistari sita ulisimama wima. Rahabu akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mtaalamu, Mungu akubariki! Dawa yako si ya mchezo. Sasa nimefikiria hivi. Mistari sita ni michache, watu watasema ni bahati. Ile chupa uliyoniachia nimeichanganya jana, nikapulizia mistari mingine kumi."

Sixbert alihisi mgongo unamjibu kabla ya mdomo. "Mama! Ungeniuliza kwanza."

"Nisamehe, baba. Kwani itaacha kufanya kazi?"

Akamtazama kwa macho makavu, ya upole, ya mama mtu mzima aliyekaa mstari wa mbele na daftari. Angemjibu nini? Kwamba itaacha?

"Itafanya kazi," akasema Sixbert.

Jumapili iliyofuata akamwagilia mistari kumi na sita.

Wiki ya tatu Rahabu alipulizia mingine ishirini. Alisema povu lilibaki kwenye bomba na aliona ni dhambi kulimwaga. Wiki ya nne, jani la upande wa mwamba lilikuwa limejikunja, akamwita mtaalamu aje alione. "Hapa dawa haikushika vizuri, mwanangu? Au nimwite mwenyekiti aje atazame?" Mtaalamu akamwambia asimsumbue mwenyekiti. Siku ya mnada akapeleka punda safari kumi na moja, na lile jani la upande wa mwamba likakunjuka likamtazama.

Viganja vikaota malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakawa sugu. Pesa ilikwisha. Cecilia hakukopesha, lakini alikuwa mtu wa kuelewana: akachukua saa. Wiki iliyofuata akachukua redio. Wiki ya tano Sixbert akasimama kisimani na shati tu, amelikunja lile koti la kijivu mikononi kama mtoto anayemuaga.

"Hili lilishonwa Arusha," akasema.

"Zuri," akasema Cecilia akilipima unene kwa vidole. "Lina pamba ndani."

Gesti nako walianza kumwuliza maswali. Na mzee Zefania alimfuata faragha, akamwambia kwamba yeye kama mwenyekiti ana uwezo wa kuona tofauti hata pale ambapo haipo, mradi apewe katoni mbili za bure akauze Nduguti. Sixbert akakubali mara moja. Ilimfariji kukutana na mtu wa kazi yake.

"Siku ya kutazama iwe siku ya mnada," akasema Zefania. "Watu wote watakuwa hapahapa."

Sixbert akashtuka, kisha akatulia. Alikuwa ameshamwagilia Jumapili, mtama ungestahimili. Akaenda kisimani kumwambia Cecilia: "Siku ya mnada usije. Umenielewa? Usije kabisa."

"Nimekuelewa, kaka. Siji."

*

Walikuja wote mia na ishirini, na wengine mia ambao hawakuwa wanachama ila walisikia kuna kitu cha kutazama. Njia nzima walipita mashamba yaliyokuwa kuni tupu, wakawa wanaongea kwa sauti ya chini. Walipozunguka mwamba wa mwisho wakaanza kusukumana waone.

Mtama wa Rahabu ulikuwa umesimama. Robo tatu ya shamba ilikuwa kijani, masuke yameanza kufunguka, majani mapana yanachezacheza na upepo. Mama mmoja akaanza kulia palepale, akasema amesahau rangi hiyo.

Zefania akapanda juu ya jiwe. "Ndugu wanachama! Mimi kama mwenyekiti, kwa uzoefu wangu wa muda mrefu, natamka kwamba tofauti ipo, tena kubwa, na kwamba dawa hii ya Jani Dume—"

Hakumaliza. Watu wa nyuma walianza kusogea pembeni, wakipisha kitu.

Walikuwa punda. Wanne, mmoja nyuma ya mwingine, madumu yamejaa maji yanapiga klop klop, bila mtu wa kuwaongoza. Wakapita katikati ya watu bila kumsalimia yeyote. Wa kwanza akaingia shambani, akatembea hadi mwanzo wa mstari wa kwanza, akasimama. Wa pili akaenda mstari wa saba akasimama. Wa tatu wa kumi na saba. Wa nne, mzee mwenye sikio lililokatika, akaenda mpaka upande wa mwamba, pale kwenye lile jani lililowahi kujikunja. Wote wakageuza vichwa wakamtazama Sixbert, wakisubiri.

Mgongoni mwa punda wa kwanza, chini ya madumu, palikuwa na koti la suti la kijivu, limekunjwa vizuri lisimchubue.

Kijana mmoja akainama, akafukua vumbi kwa kidole kwenye shina la mtama. Chini yake udongo ulikuwa bado na unyevu wa Jumapili. Akaunyanyua juu watu wauone.

"Mtaalamu," akasema, "dawa yako inapuliziwa kwenye mizizi?"

Sixbert akamtafuta Cecilia kwa macho. Alikuwa amesimama kivulini mwa mwamba, mkono kiunoni.

"Nilikuambia usije!"

"Sikuja, kaka. Nimesimama huku. Uliniambia mimi nisije, punda hukuwataja."

Hapo kicheko kikapasuka, na nyuma ya kicheko ikaja hasira. Vijana wakaanza kukunja mikono ya mashati. Zefania akashuka kutoka juu ya jiwe haraka kuliko alivyopanda, akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka.

"Acheni," akasema Rahabu.

Hakupaza sauti. Akaingia shambani, akasimama kati ya Sixbert na wale vijana. "Asiguswe. Atakayempiga, yeye ndiye atakayenichotea maji mpaka mavuno."

Mikono ya mashati ikakunjuliwa. Kile kisima walikijua.

"Mama," Sixbert akasema, "ulijua tangu lini?"

"Tangu ukumbini. Mwanangu, nimefua mashati ya marehemu kwa bluu hiyo miaka arobaini. Nisiijue?" Akacheka kidogo. "Nikasema, huyu atataka mtama wake uonekane mzuri, na hapa hakuna njia ya kuupendezesha mtama ila maji. Kisima ninacho, alichimba mume wangu. Punda ninao. Cecilia huyu ni mkamwana wangu, mke wa Leonard. Nilichokosa mimi ni mgongo. Basi Mungu akaniletea mgongo, umevaa koti."

"Hakuniambia kama ni mkwe wako!"

"Ulimwuliza ni wa kwa nani?"

Wazee watatu wakatikisa vichwa kwa masikitiko ya kweli, kwani mtu kudanganya chupa ni jambo moja, lakini kutosalimia!

"Sasa njooni huku," Rahabu akawaambia watu. Akawapeleka upande wa pili wa shamba, ile robo iliyobaki, ambayo kibao chake kiliandikwa ISIYOPULIZIWA. Huku punda hawakuwahi kufika. Udongo ulikuwa mkavu, umepasuka. Lakini mtama ulikuwepo. Mfupi, shina nene, jani limekaza, masuke madogo lakini yamejaa. Ng'ambo ya mpaka, kwa jirani, palikuwa na kuni.

"Huu haukupata tone," akasema Rahabu. "Huu nilipulizia dawa ya kweli, ya dukani kwa Mama Noorbanu. Niliinunua kwa ile nauli ya Leonard."

Watu wakaguna. Nauli ya Leonard! Yaani mama huyu alikuwa ameshakata daraja la kwenda kwa mwanawe, akalimimina kwenye bomba la mgongoni. Kama robo ile ingekufa, na kama mgongo wa mtaalamu ungetoroka katikati ya msimu, asingebaki na shamba wala safari.

"Nilipulizia mtama ukiwa magotini. Nikarudia kabla haujashika mimba. Asubuhi, bila upepo, kwa kipimo." Akatoa daftari lake kwenye kanga, akalifungua. "Kama alivyotufundisha huyu. Nilimpelekea Mama Noorbanu daftari, akalisoma lote, akasema hakuna hata neno la kusahihisha." Akamgeukia Sixbert. "Maneno yako yote yalikuwa kweli, mwanangu. Chupa tu ndiyo ilikuwa ya uongo. Mwalimu mzuri kama wewe, kwa nini unajisumbua na bluu?"

Sixbert alishatukanwa maishani mwake kwa lugha nne, hakuwahi kujali. Hili lilimwingia. Akatazama chini kwenye viatu vyake vilivyokwisha.

Hukumu haikuchukua muda. Walimpa achague kati ya kituo cha polisi na ndoo. Mtama ulikuwa umebakiza wiki nne kukomaa. Sixbert akatazama barabara, akatazama kisima, akashika kamba ya punda mwenye sikio lililokatika.

"Mstari wa ngapi tuliishia?" akamwuliza punda.

*

Rahabu alivuna magunia tisa. Moja alilipeleka kanisani kwenye sikukuu ya mavuno, likanadiwa, na aliyelibeba begani hadi madhabahuni alikuwa Sixbert mwenyewe, kwa sababu kufikia hapo alikuwa na mabega. Leonard alipopiga simu Jumapili ile, mama yake alimwambia asimsubiri, na kwamba kama anataka kuanika dagaa, aje yeye.

Kikundi kilinunua dawa ya kweli kwa ajili ya msimu uliofuata, kila mwanachama na daftari lake. Zefania aliandika pia. Ilibainika kwamba kalamu mbili kati ya tatu hazikuwa na wino.

Siku ya kuondoka, Rahabu alimpa Sixbert debe la mtama, chupa ya uji, na koti lake. Koti lilinuka punda kiasi kwamba hata yeye, aliyezoea, alilivaa akiwa amegeuza uso. Cecilia, mtoto mgongoni, akamrudishia saa. Redio akabaki nayo, alisema mtoto ameizoea.

"Karibu tena, mwalimu," akasema Rahabu. "Ukija bila chupa."

Akasimama barabarani kusubiri basi. Ilikuwa asubuhi nzuri, na mtu mwenye afya njema hakai muda mrefu bila wazo. Pembeni yake alikaa mama mmoja mnene juu ya gunia la alizeti, amevaa bangili za dhahabu mkono mzima, anatazama jua kwa wasiwasi. Sixbert akamtazama. Akazitazama bangili. Akakumbuka kwamba alizeti nayo ina majani. Akanyoosha koti, akakohoa kitaalamu, akafungua mdomo.

Kisha akasita. Akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Na mifugo?"

"Salama tu, tunamshukuru Mungu."

"Na wewe mama," akauliza Sixbert kwa heshima zote, "ni wa kwa nani?"

Yule mama akatabasamu. "Mimi? Mimi ni dada yake Rahabu. Tumbo moja."

Sixbert akavaa kofia yake. Akalitazama lile gunia, akaitazama barabara ndefu ya kwenda mjini.

"Basi likija, mama," akasema, "usihangaike. Nitakubebea."